Nani Anaziba Paa la Kamina?

Habari za bati husimuliwa kama habari za kufika. Mwaka 1829 Henry Robinson Palmer alisajili huko London ubunifu wa bati lenye migongo; mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata haki ya kuchovya chuma katika zinki ili kisishike kutu; mwaka 1928 reli ya kampuni ya BCK kutoka Bukama hadi Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, ikakamilika ikipitia Kamina, mji wa Katanga nchini Kongo. Tarehe hizo ni za kweli, ila hazituambii kwa nini maji yanadondokea kitandani. Swali lenye kutufaa zaidi ni hili: nani alikuwa na haki, vifaa na ujuzi wa kuliziba paa?

Paa la nyasi la Waluba lilikuwa la mwenyewe tangu kukata nyasi hadi kufunga kamba. Likivuja, aliyelala chini yake ndiye aliyepanda. Katika kambi za reli mambo yaligeuka. Nyumba ilikuwa ya kampuni, mfanyakazi alikuwa mkaaji tu, na kupanda ngazi ilikuwa kazi ya fundi aliyelipwa. Kwa miongo kadhaa watu waliishi chini ya chuma bila chuma hicho kuwa shauri lao. Kisha mashirika ya reli yakaunganishwa mwaka 1974, yakadhoofika, mishahara ikachelewa miezi na miezi, na paa likarudi kwa mkaaji. Ujuzi haukuja nalo.

Ujuzi wenyewe si wa kubahatisha. Bati la mita 3 likipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka takribani milimita 1; mvua ya kwanza ya Oktoba ikilipiga, hunywea papo hapo. Siku baada ya siku tundu la msumari linapanuka, na upepo unaoitangulia mvua hauligandamizi paa, bali hulivuta juu kuanzia ukingoni. Ndiyo sababu fundi mzuri hupigilia juu ya mgongo wa bati, kamwe si bondeni maji yanapopita, na chini ya kichwa cha msumari huweka kiduara alichokata kwenye soli ya kandambili. Anayemwaga lami juu ya kichwa kilicholegea ameficha tundu. Msumari bado unacheza.

Atasema mtu: tatizo ni umaskini, mabati ya siku hizi ni membamba kama karatasi. Ni kweli kwamba bati jembamba hupasuka upesi, na kwamba mwenye fedha hununua lililo nene. Lakini hata bati nene la zamani huvuja palepale, kwenye misumari na maungio, kwa hiyo unene hununua miaka tu. Mwingine atatamani nyasi. Nyasi hazipigi kelele wakati wa mvua, nakubali, ila huungua, huoza, na mji unapopanuka mahali pa kuzikata husogea mbali. Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni mafundi wa mitaani: kama ujuzi ulipotea, wao waliutoa wapi? Jibu ni kwamba waliujenga upya kwa mabaki, kwa mabati yaliyoezuliwa na misumari iliyonyooshwa, nje ya karakana za reli, na kwa hiyo malipo yao hutoka mfukoni mwa mkaaji, mara nyingi baada ya dhoruba, si kabla.