Nani Hakukamilisha? Fomu za Mtandaoni, Kumbukumbu na Kijana wa Saadani

Kijana mmoja wa Saadani niliyewahi kumfundisha alinipigia simu usiku wa siku ya mwisho ya kuomba kazi katika taasisi moja ya umma, ambayo sitaitaja. Alikuwa amevuka Mto Wami tangu asubuhi hadi Bagamoyo mjini, akakaa katika steshenari yenye kompyuta mbili na kujaza kurasa tatu za maombi. Alipobonyeza "Endelea" ili aingie ukurasa wa nne, fomu ilimrudisha mwanzo, tupu kama alivyoikuta. Akarudia, ikawa vilevile. Wiki iliyofuata alipouliza, alijibiwa kwa upole kwamba kumbukumbu zinaonyesha "mwombaji hakukamilisha maombi".

Ni kauli hiyo iliyonifanya niandike makala haya. Kitenzi "hakukamilisha" kina mtenda, na mtenda aliyetajwa ni kijana. Mashine haimo katika sentensi hiyo. Mimi ni mwalimu wa historia, si fundi wa kompyuta, lakini fomu nayo ina historia yake, na anayeijua hawezi kuikubali sentensi ile kirahisi.

Niruhusuni nianzie Saadani yenyewe. Katika karne ya 19 bandari ile, kama Bagamoyo, ilikuwa mlango wa misafara ya bara. Ni huko ambako mmisionari Roger Price alianzia safari mwaka 1876 akijaribu kama maksai wangeweza kufika Mpwapwa, na ni huko Bwana Heri alikowapinga Wajerumani mwaka 1889. Kwa hoja yangu, hata hivyo, jambo la maana zaidi ni ushuru. Pembe za ndovu zilizopita pwani hii kuelekea Zanzibar hazikutozwa kiwango kimoja. Kiwango kilitegemea pembe zimetoka wapi na ni mali ya nani. Pembe haisemi imetoka wapi. Kwa hiyo mzigo ulikuwa kitu kimoja, na habari za mzigo zilikuwa kitu kingine. Vyote viwili vilipaswa kubebwa hadi forodhani, kwa waraka au kwa neno la kiongozi wa msafara. Mpagazi angeweza kufikisha pembe nzima bila ufa, na bado pakazuka ubishi.

Mtandao wa kurasa tunaoutumia leo ulianza bila mtu wa kubeba habari hizo. Tim Berners-Lee alipoutengeneza katika maabara ya CERN, Geneva, mwanzoni mwa miaka ya 1990, alikuwa na shida ya wanasayansi waliotaka kusomeana nyaraka. Kivinjari kinaomba ukurasa, seva inautoa, mazungumzo yanakwisha. Ukiomba ukurasa wa pili, seva haina njia ya kujua kwamba ni wewe uliyeomba wa kwanza. Usahaulifu huo haukuwa kasoro. Ulikuwa uamuzi wa makusudi uliofanya mfumo uwe mwepesi, na kwa mtu anayesoma tu hauna madhara.

Madhara yalianza watu walipotaka kuandika. Fomu ziliingia mwaka 1993, zikawekwa rasmi katika toleo la pili la lugha ya HTML mwaka 1995. Mara moja likajitokeza swali la forodhani: jina lililojazwa ukurasa wa kwanza litafikaje ukurasa wa tatu? Majibu yalikuwa viraka. Kiraka cha kwanza ni kuibandika taarifa kwenye anwani ya ukurasa, baada ya alama ya kuuliza. Cha pili ni kuificha ndani ya fomu inayofuata, msomaji asiione, ili irudishwe pamoja na majibu mapya. Cha tatu kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape, kwa sababu mteja wao mmoja hakutaka seva zake zitunze manunuzi yasiyokamilika: seva inakipa kivinjari kijikaratasi cha utambulisho, nacho kinakionyesha kila kinaporudi. Wakakiita kuki, yaani biskuti. Sijui ni nani angeamini forodha inayoendeshwa kwa biskuti, lakini ndivyo ilivyo hadi leo.

Mwaka 1995 huohuo Rasmus Lerdorf alitoa zana zilizokuja kuwa lugha ya PHP, ambayo tovuti nyingi duniani zimejengwa kwayo. Mwanzoni kila kilichojazwa kwenye fomu kiligeuka chenyewe kuwa jina linalotumika ndani ya programu. Urahisi huo ulikuwa pia mlango wa wadanganyifu, na katika toleo la 4.2.0 la mwaka 2002 ukafungwa kama mpangilio wa kawaida. Fomu zilizokuwa zikifanya kazi jana zikaanza kupokea utupu. Mwananchi hakuwa amebadilisha chochote.

Matoleo hayo ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalileta pia kile ambacho mafundi wetu hukiita kikao: taarifa zinakaa kwenye seva, kuki inabeba namba ya kikao tu. Kwa mpangilio wa kawaida wa PHP, kikao kisichoguswa kwa sekunde 1440 kinaweza kufutwa. Hizo ni dakika 24. Kwa mtu mwenye vyeti vyake tayari kwenye kompyuta na intaneti isiyokatika, dakika 24 kwa ukurasa mmoja ni nyingi mno. Kijana wangu alikuwa ukurasa wa tatu akimsubiri mwenye steshenari amskanie vyeti kimoja kimoja, huku wateja wengine wakitaka fotokopi. Mara zote mbili alikaa zaidi ya nusu saa.

Kikao kilichokufa si mtuhumiwa pekee. Faili likizidi ukubwa unaoruhusiwa kwa fomu nzima, ambao kwa kawaida ni megabaiti 8, PHP inaiona fomu yote kama tupu, na mwombaji anaambiwa jina lake linahitajika ilhali amelijaza. Fomu yenye sehemu zaidi ya 1000 hukatwa mkia. Anwani isiyo salama ikielekezwa kwenye iliyo salama katikati ya kutuma, majibu yanaweza kubaki njiani. Na jina lenye kibainishi, kama yalivyo majina mengi yanayoanza na Ng', hukatika pale fundi aliposahau kwamba alama ile ina maana nyingine ndani ya programu.

Namna ya kulitafuta kosa ni ileile ya kumfuata mpagazi: uliza kila kituo kilipokea nini na kilitoa nini. Vivinjari vya kompyuta kwa kawaida vina sehemu inayoonyesha kilichotumwa, nayo hufunguka kwa kitufe cha F12. Kama jibu liliondoka ukurasa wa kwanza likiwa na jina moja, na ukurasa wa pili unaliulizia kwa jina jingine, kosa limepatikana. Kama liliondoka salama na seva haikulipokea, tazama ukubwa wa mafaili na maelekezo ya njiani. Kama lilipokelewa kisha likatoweka, tazama kikao. Ni kazi ya alasiri moja.

Nawaandikia hasa watumishi wa umma. Tunayo Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019, tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Bado nimeona fomu inayobandika namba ya kitambulisho cha Taifa kwenye anwani ya ukurasa, mahali ambapo kompyuta ya steshenari huitunza kwa ajili ya mteja anayefuata. Na bado tunasoma "hakukamilisha" bila kumuuliza fundi kama kikao kilikufa. Seva inaweza kuandika kwamba kikao cha mtu kilikwisha akiwa ukurasa wa tatu. Ni suala la kuiagiza iandike hivyo. Tusipoiagiza, anayetoka mbali ndiye atakayeonekana mzembe kila mara.

Nafasi ilipotangazwa tena, kijana alifika Bagamoyo na majibu yote yameandikwa kwenye daftari na vyeti vikiwa vimeskaniwa na kupunguzwa tangu siku iliyotangulia. Alimaliza ndani ya dakika kumi na tano, na fomu ikapita. Kisha akaandika barua kuomba kumbukumbu ya maombi yake ya kwanza irekebishwe, isomeke kwamba mfumo ulimkatisha. Ni miezi mitano sasa. Hajajibiwa.