Jinsi ya Kupiga Bembea za Show ya Nyeri Zitoke Duara la Moto
Picha ya shata ndefu ni ile kamera inaacha jicho wazi sekunde kadhaa. Kilichotulia kinatoka klia, taa inayotembea inachora mstari. Nyeri, mahali pake ni uwanja wa ASK, Kabiru-ini, show ikikam na bembea. Hiyo ni mara moja kwa mwaka, so ukiharibu utangoja.

Piga jua likishazama tu, mbingu ikiwa bado bluu. Hapa karibu na ikweta giza huingia chapchap, usizubae kwa foleni ya chipo.

Weka simu kwa Pro, aiso 100. Sasa hesabu ya gurudumu kubwa: likiwa na viti 16 vyenye taa na lizunguke kwa sekunde 32, sekunde 2 zinatosha, juu kila taa inafika pale ya mbele ilianzia. Duara limefunga! Wasee wengi huweka 20, wanapata weupe mtupu.

Huna tripodi? Egemeza simu kwa ukuta, taima sekunde 2. Reli ya bembea achana nayo, inatetemeka. Na kama mtoi wako amepanda, mpige kabla ianze kuzunguka, ama uso hautaonekana.