Mchuuzi wa Nairobi Mbele ya Sheria

Mji wa Nairobi ulianza mwaka 1899 reli ilipofika penye kinamasi, na waliofanya kazi humo walihitaji kula. Waliowapelekea ndizi na mboga karibu na kazi zao ndio wachuuzi tunaoandika habari zao hapa.

Serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika mjini kuwa kibarua wa mtu. Kuanzia mwaka 1920 mwanamume alilazimika kuchukua kipande, nacho kilimtaja tajiri aliyemwajiri. Mchuuzi hakuwa na tajiri. Aliweza kuitwa mzururaji kabla hajauza hata ndizi moja. Leseni za uchuuzi zilikuwako, lakini hazikuwatosha wote walioishi kwa kuuza. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 kipande kilikuwa kimekwisha, ila leseni ilibaki, na askari wa jiji pia.

Watu wengi hudhani kwamba faini ndiyo adhabu kubwa. Sivyo. Mchuuzi hununua bidhaa alfajiri kule Gikomba kwa fedha zake zote, pengine na za kukopa. Zikichukuliwa saa nne, amepoteza faida ya leo pamoja na mtaji wa kesho. Nyanya hazingoji hukumu. Mwenye duka naye ana neno la haki: hulipa kodi na ada, na mbele ya mlango wake hapapitiki. Hatumlaumu. Lakini shauri lake ni la mahali, si la uchuuzi wenyewe.

Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ulioalikwa na serikali, uliandika kwamba nyingi za kazi hizi ndogo zina manufaa na faida. Ukashauri leseni zisizo za lazima ziondolewe, na badala yake uwepo ukaguzi wa afya na usalama. Ushauri huo ulisifiwa sana. Kutendwa, ulitendwa kidogo. Mei 1990 vibanda na makazi ya Muoroto, karibu na kituo cha mabasi ya Machakos, vilibomolewa, na mapambano yakazuka.

Sheria ya Uzururaji ilifutwa mwaka 1997. Mwaka 2007 sheria ndogo za jiji zikakataza uchuuzi mahali pasipotengwa. Kisha mwaka 2012 Bunge likapitisha sheria ya biashara ndogo, ikaitambua hata ile yenye watu wasiofika kumi na mauzo yasiyozidi shilingi 500,000 kwa mwaka. Basi mama yule yule mwenye karai la nyanya akawa mfanyabiashara katika kitabu cha taifa, na mkosaji katika kitabu cha jiji.

Katiba ya mwaka 2010 iliweka masoko na leseni za biashara mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo ombi la kutengewa mahali lipelekwe huko, kwa maandishi, na wachuuzi wakiwa pamoja. Wanachama wetu wauzao barabarani twawasihi watunze kila stakabadhi ya ada waliyolipa, na bidhaa zikichukuliwa, waombe orodha yake papo hapo.