Mpaka Ndio Ulihama

Watu wakizungumzia diaspora, wanafikiria ndege, viza na baridi ya London. Mimi ni Mteso wa Malaba, upande wa Kenya, na nasema sisi pia ni diaspora, ila hatukupanda chombo chochote. Sisi tulibaki pale pale, mpaka ndio ulihama.

Sikia historia yenyewe. Kabla ya 1902, Uganda ya Waingereza ilifika hadi Naivasha. Malaba, Busia, hata Kisumu, zote zilikuwa Uganda. Aprili 1902 jimbo lake la mashariki likakatwa na kuunganishwa na nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Sababu moja kubwa ilikuwa reli: wakubwa walitaka njia yote, kutoka Mombasa hadi ziwani, iwe chini ya serikali moja. Wazee wa Amukura hawakuulizwa. Mwaka 1926 mstari ukaandikwa upya kisheria, na Mto Malaba, ambao ng'ombe waliunywa kutoka pande zote mbili, ukawa mwisho wa nchi.

Kutoka hapo, ndugu wakaanza kulelewa na mama wawili wa kambo. Kule Uganda alikuja Semei Kakungulu na mawakala wake Waganda. Huku kwetu tukawekwa chini ya machifu wa Kiwanga, watu wa Nabongo Mumia, na kwenye makaratasi ya serikali tukaitwa "Elgumi", jina ambalo sisi wenyewe hatujiiti.

Tofauti kubwa ikaja kwenye lugha. Uganda, Kiteso kiliingia shuleni. Kikawa moja ya lugha chache zilizochaguliwa kufundishia madarasa ya chini. Baadaye kikapata hata gazeti lake, Etop. Kenya tulikuwa wachache, tumezungukwa na Waluhya, na Kiteso kikabaki jikoni na kwenye matanga. Sensa ya 2019 ilitupata zaidi ya 400,000. Wenzetu wa Uganda walikuwa wameshapita milioni 2 kwenye sensa ya 2014.

Waairishi wanaijua hadithi hii. Njaa ya miaka ya 1840 iliwatawanya hadi Marekani, na mwaka 1921 Waingereza hao hao wakakata kisiwa chao vipande viwili. Leo wajukuu wao wanalipa karo ya masomo ya jioni, mbali na nyumbani, ili wajue kusalimia kwa lugha ya mababu. Walimu wetu wako ng'ambo ya mto tu, mwendo wa dakika kumi kwa boda, na tangu 2014 kitambulisho kinatosha kuvuka.

Lakini angalia majina yetu. Mvua kwa Kiteso ni akiru. Mvulana aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Okiru, msichana ni Akiru, uwe Tororo au Malaba. Siku hizi nakutana na kina Akiru wa hapa mjini ambao hawajui wamebeba mvua. Nyanya anawauliza kwa Kiteso, wanamjibu kwa Kiswahili, na yeye anazidi kufupisha maneno yake. Hivyo ndivyo lugha inavyoondoka nyumbani, bila ugomvi.

Hata neno "boda boda" lilizaliwa kwenye mpaka huu, Busia na Malaba, waendesha baiskeli walipokuwa wakiita abiria wa kuvushwa kutoka kituo kimoja hadi kingine. Leo linasikika Nairobi, Kampala, Dar, kila mahali. Neno la mpaka limesafiri hivyo, na lugha ya watu wa mpaka bado inaomba nafasi darasani.

Mimi sidai ramani ichorwe upya. Ninachotaka ni vitabu vya Kiteso vivuke daraja kama vile malori ya mafuta yanavyovuka, kila siku. Na wewe, popote ulipo, ukiwa na nyanya, mpigie simu leo umuulize jina lako lina maana gani. Akijibu kwa lugha yake, usimkatize.