Uchovu wa misuli na kutua baada ya kuruka

Uthabiti wa kutua ni uwezo wa mwili kurudisha mizani mara miguu inapogusa ardhi baada ya kuruka. Uwezo huo hupungua misuli inapochoka, kwa wanaume na kwa wanawake.

Wakati wa kutua, goti hupokea nguvu inayoweza kuzidi uzito wa mwili mara kadhaa. Misuli ya matako, mapaja na mashavu ya miguu hupunguza kishindo hicho. Ikichoka hukaza kwa kuchelewa, mwili huyumba zaidi, na goti huweza kuelekea ndani. Hapo kano msalaba ya mbele ya goti huwa hatarini. Uchunguzi wa video za ajali umekadiria kwamba kano hiyo hukatika takriban milisekunde 40 baada ya mguu kugusa ardhi. Mtu hawezi kujirekebisha ndani ya muda huo. Misuli lazima ijiandae tangu akiwa hewani.

Tofauti za jinsia

Katika soka na mpira wa kikapu, wanawake hukatika kano hiyo takriban mara 2 hadi 3 zaidi ya wanaume. Si kwa sababu wanachoka upesi: katika kukaza misuli bila kusogea, kwa kiwango kinacholingana na nguvu za kila mtu, mara nyingi wao ndio huchelewa kuchoka. Majaribio ya kuchosha watu kwa kuchuchumaa na kuruka, kisha kupima wanavyotua, yametoa matokeo yanayopingana kuhusu nani huathirika zaidi. Tofauti iliyo wazi zaidi huonekana hata kabla ya uchovu, kwani wanawake wengi hutua goti likiwa limeelekea ndani.

Nchini Tanzania

Jambo hili linahusu hasa mpira wa pete, mchezo wa wasichana katika mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA, ambayo ni ya nchi nzima, pamoja na shule za vijijini kama za Mlali, wilayani Kongwa, mkoani Dodoma. Anayedaka mpira hewani haruhusiwi kukimbia nao: hana budi kusimama ghafla, mara nyingi kwa mguu mmoja, naye ana sekunde 3 tu za kuutoa. Mechi kamili ina robo 4 za dakika 15.

Kutua hufundishika bila vifaa. Mchezaji hukunja magoti na nyonga, na kuhakikisha goti linaelekea upande wa vidole vya mguu. Programu ya FIFA 11+, iliyotungwa kwa ajili ya soka, ina mazoezi ya namna hiyo na huchukua takriban dakika 20 kabla ya mazoezi ya kawaida.