Bima ya Afya na Mtoto wa Mnyonge

Historia ya matibabu mkoani Tanga ni historia ya swali moja: nani agharimie ugonjwa wa mnyonge? Mkonge ulipoletwa mwaka 1893, tulipata somo la kwanza. Katika mashamba ya mkoloni, manamba alitibiwa ili arudi kazini. Akiachishwa kazi, aliondoka na ugonjwa wake. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, matibabu katika vituo vya umma yalikuwa haki, si fadhila ya bwana shamba.

Uchumi ulipodorora, uchangiaji ulianza mwaka 1993. Sheria ya 1999 ikaunda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa Serikali. Mtumishi alikatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri akaongeza asilimia 3. Baadaye wanafunzi wa vyuo waliingizwa kwa shilingi 50,400 kwa mwaka.

Hapa ndipo penye mgongano. Mwanafunzi hana mshahara wala mwajiri. Mtoto wa mkulima wa Handeni au mvuvi wa Pangani hudaiwa fedha hizo kwa mkupuo, pamoja na ada, hata kama mahindi ya mzazi wake bado yako shambani.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inawatambua wasio na uwezo. Kazi yetu makada ni kuhakikisha kijijini na chuoni kwamba mwanafunzi huyo anatambuliwa kabla hajaugua.