Shaba ya Katanga nyuma ya amplifaya

Katika maduka ya wapenzi wa muziki Ulaya na Marekani, waya wa umeme wa mita mbili, wa kuchomeka nyuma ya amplifaya, unaweza kuuzwa dola 1,000 na zaidi. Sifa inayonadiwa kuliko zote ni usafi wa shaba: asilimia 99.99, 99.999, na wengine huongeza tisa nyingine. Lubumbashi, mji wa Katanga nchini Kongo ulioanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, una haki ya kutia neno hapo.

Kuvuta waya hakukuletwa hapa na Wabelgiji. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kisumbwa, kutoka magharibi mwa Tanzania ya leo, waliifuata shaba ya Katanga, na Msiri, mtu wa asili hiyo, akajenga dola ya Wayeke huko Bunkeya mpaka alipouawa Desemba 20, 1891. Wafua shaba wa Kiyeke walichomeka ncha ya fimbo ya shaba katika tundu la bamba la chuma, wakaivuta kwa nguvu zao zote, kisha tundu dogo zaidi, kisha dogo zaidi, hadi ikawa nyembamba ya kusokotea bangili. Viwanda vya leo vinafanya kazi ile ile, ila kwa mashine.

Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kuyeyusha shaba Lubumbashi mwaka 1911. Lakini shaba ya tanuri haikosi uchafu. Kuisafisha kabisa kunataka umeme: bamba linatumbukizwa katika tindikali yenye shaba, umeme unapitishwa, na shaba safi inaganda juu yake polepole. Kiwanda cha namna hiyo kilianza Shituru, Likasi, mwaka 1929, na mwaka 1930 bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira likaanza kutoa umeme. Shaba ya njia hiyo inavuka asilimia 99.9, nayo ndiyo iliyomo hata katika waya wa bei rahisi, mradi si wa kughushi. Tisa zinazoongezwa baada ya hapo huongeza upitishaji wa umeme kwa chini ya asilimia 2. Hata fedha yenyewe inaizidi shaba kwa takriban asilimia 6 tu.

Tupige hesabu. Waya wa mita mbili, wenye shaba ya milimita 1.5 za mraba, ukibeba ampea 2, unapoteza chini ya sehemu ya kumi ya volti moja kati ya volti 220. Sijui ni sikio gani litaisikia hiyo.

Na umeme huo umetoka wapi? Mwaka 1982 ilikamilika njia ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 hivi. Nyaya za njia kubwa kama hizo kwa kawaida ni za alumini, kwa kuwa ni nyepesi. Kwa hiyo anayebadilisha mita mbili za mwisho anabadilisha sehemu iliyokuwa na kasoro ndogo kuliko zote. Kinachoua amplifaya katika mitaa ya Lubumbashi kama Kenya au Kamalondo ni volti kushuka jioni wote wanapowasha, kisha kurudi kwa kishindo umeme ukikatwa na kurejeshwa.

Ukienda sokoni, omba ukwangue ncha ya waya kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, irudishe. Pima uzito mkononi pia, maana shaba ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko alumini. Mwenye dola 100 ningemwambia anunue kwanza stabilaiza na amlipe fundi amfukie waya wa ardhini kama inavyotakiwa. Zinazobaki zinatosha waya wa shaba halisi wenye plagi ya pini za duara inayoingia moja kwa moja ukutani, kwa sababu zile adapta za plastiki hulegea upesi, zikapata moto, na spika ikaanza kukwaruza.